Wito wa Bwana

Siku ile Mwalimu Viktoria Candiru aliingia darasani na moyo mweupe. Alikuwa ameomba tangu alfajiri, amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo ya chumba alichopanga pale Koboko, na ombi lake lilikuwa lile lile la kila siku: Mungu amsaidie kufundisha bila kumwonea mtoto. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Wenzake wa umri huo walikuwa wakibeba wajukuu, yeye alikuwa bado akibeba daftari. Kusoma kwa kweli alianza mtu mzima, uhamishoni upande wa Zaire, katika masomo ya jioni ya wakimbizi, na waliporudi nyumbani aliendelea kila likizo, jioni, kule Arua. Kila neno alilolijua alilipata kwa jasho, na kwa hiyo aliyapenda maneno kama mtu anavyowapenda watoto aliowapata uzeeni.

Shule yenyewe ilikuwa ya wazazi. Kuta za tope, paa la mabati yenye matundu ya risasi, ubao mmoja. Mwaka ulikuwa wa themanini na nane. Watoto walikuwa wamekulia kambini, wengine Zaire, wengine Sudan, na Kiingereza hawakuwa nacho. Mwalimu mkuu, mzee Romano, alimpa Viktoria darasa la nne akamwambia, "Wewe fundisha kwa Kiswahili kwanza, mpaka ndimi zao zikae sawa." Kiswahili walikuwa nacho, lakini kilikuwa cha kambi ya askari na cha sokoni: kuja, enda, leta, iko, hapana. Neno moja, kazi moja. Viktoria alitaka wajue kwamba neno linaweza kusema jambo moja na kumaanisha jingine.

Wiki iliyotangulia walikuwa wamesoma tashbihi, na darasa lilichangamka mno. "Jada iko mweusi kama sufuria ya msiba!" alisema Yakani, mvulana mwenye mdomo usiofungwa, na Jada naye akajibu, "Na wewe kichwa yako iko kama ile mawe ya kufunga mlango." Walicheka mpaka mzee Romano akachungulia dirishani.

Leo aliandika ubaoni: TAFSIDA.

"Tafsida," alisema, "ni neno la huruma. Kuna jambo ambalo ukilitaja uchi linaumiza, au linatia aibu. Basi unalivika nguo ndipo unalitoa mbele za watu. Nani anipe mfano?"

"Kama mutu naenda haja?" aliuliza Jada.

"Vizuri sana. Anaenda haja, badala ya kusema nini?"

"Kunya!" darasa zima lilijibu kwa furaha, na kelele zikapanda mpaka kwenye mabati. Viktoria mwenyewe alificha kicheko nyuma ya kiganja.

Kisha akauliza, "Na kufa?"

Kelele zilikatika. Katika chumba kile hapakuwa na mtoto ambaye hakuwahi kusimama pembeni mwa shimo. Viktoria aliligeukia ubao na kwa mwandiko wake wa duara, mwandiko wa mtu aliyejifunza akiwa mkubwa, akaandika sentensi mbili:

Ametutoka.

Ameitikia wito wa Bwana.

"Mtu mwenye adabu," alieleza, "akipeleka habari ya msiba husema hivi. Aliyefiwa ataelewa, lakini hatapigwa na neno lenyewe usoni."

Mkono uliinuka karibu na ukuta. Ulikuwa wa Sadiya, msichana wa miaka kumi na mmoja, mpole, aliyeandikishwa na bibi yake kwa jina la Sadiya Afisa. Afisa ndiye huyo bibi. Sadiya hakuwa na kawaida ya kuinua mkono.

"Mwalimu, hiyo hapana kufa."

"Ni kufa, Sadiya. Ila kumesemwa kwa upole."

"Hapana, mwalimu. Hiyo ni kukimbia na mwanaume."

Yakani aliruka kutoka benchi lake. "Yeye najua! Mama yake ndiyo alikimbia na Mukongomani ya samaki ya chumvi!" Darasa likaangua kicheko upya.

"Yakani, kaa! Sadiya, nani alikuambia maneno haya yana maana hiyo?"

"Iko kwa barua," alisema mtoto. "Barua ya mama. Iko kwa sanduku ya bibi. Mimi najua yote."

Akanyoosha mikono kando ya mapaja, kama watoto wanavyosimama wanapokariri, akatazama mbele bila kumtazama mtu.

"Kwa ndugu Nasuru. Salamu nyingi. Kwa moyo mzito nakujulisha kwamba Mariam Poni ametutoka siku ya Alhamisi. Ameitikia wito wa Bwana. Hatuna la kusema ila kumshukuru Mungu, maana huko alikokwenda hakuna taabu tena. Usimlilie. Ni mimi, jirani yake."

Viktoria alikuwa ameshika chaki. Kila sentensi aliijua kabla haijatoka kinywani mwa mtoto. Hata pale mtoto aliporuka neno moja aliliona pengo lake, kwa maana barua ilisema "Usimlilie sana," na neno lile "sana" alilifikiria usiku mzima kabla ya kuliandika.

"Na Bwana," Sadiya aliongeza, akieleza kwa subira kama anayemfundisha mwalimu, "bwana ni mwanaume. Baba alisema kama mwanamke naitika wito ya bwana, basi iko na bwana ingine."

Viktoria alisema, "Kaa chini, Sadiya." Alifuta ubao kwa kiganja, akawaambia wachore ramani ya kijiji, na hata kengele ilipolia alikuwa bado ameupa ubao uso.

*

Mwaka wa themanini, mwezi wa kumi, bunduki zilipoanza kulia Koboko, watu walikimbia kila mtu na njia iliyokuwa mbele yake. Mariam Poni alikuwa sokoni na mtoto wa mgongoni, akasukumwa na umati mpaka Zaire. Mume wake Nasuru, aliyekuwa dereva katika jeshi lililopinduliwa na ambaye shingo yake ndiyo iliyokuwa ikitafutwa hasa, alimnyakua binti yao wa miaka mitatu na mama yake mzazi, akashika njia ya Sudan. Hawakuonana tena.

Kambini, ng'ambo, kibanda cha Mariam kilipakana na cha Viktoria, aliyekuwa amekimbia kutoka Dadamu karibu na Arua. Mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo, walichangia jungu moja na kisu kimoja. Mariam alizoea kumtaja binti aliyekwenda Sudan kwa kumwita "Mama" tu, kwa kuwa mtoto alipewa jina la mama mzazi wa Mariam, na ndiyo maana Viktoria hakuwahi kulijua jina la Sadiya. Surua ilimchukua yule mtoto wa mgongoni. Mwaka wa pili homa na kuhara vilimwangusha Mariam mwenyewe.

"Viktoria," alisema siku moja kabla hajafa, sauti imebaki uzi, "wewe najua kuandika. Andikia Nasuru. Ambia yeye vizuri, asingoje."

Ambia yeye vizuri. Viktoria alikuwa na mwaka mmoja tu wa masomo ya jioni, na kiu yake ilikuwa kubwa. Alisikia neno "vizuri" akafikiri ni uzuri ulioombwa. Aliandika barua ya kwanza, fupi, akampelekea mwalimu wake Anicet aikague. Anicet, Mkongomani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na kalamu nyekundu, na kwa kalamu hiyo alilikata neno "amekufa", akaandika juu yake "ametutoka". Sentensi ya pili, ile ya wito wa Bwana, Viktoria aliiongeza mwenyewe. Aliisikia kanisani. Ilimfariji yeye, akaona itawafariji na wengine. Jina lake hakuliweka, maana barua zilizovuka mipaka siku zile zilifunguliwa, na jina lingeweza kumletea mtu balaa. Barua ikaondoka ndani ya gunia la mfanyabiashara wa karanga. Jibu halikuja. Viktoria aliwaombea wafiwa, akafanya amani na ukimya huo. Kwamba familia ile ingekuwa imerudi Koboko, na kwamba angesimama mbele ya binti wa Mariam kila asubuhi akimwita jina bila kumjua, wazo hilo halikumjia.

*

Jumamosi alipanda lori kwenda Arua. Anicet naye alikuwa amevuka mpaka baada ya vita kutulia, akawa anauza vitenge mtaa wa Awindiri pamoja na mkewe Odile. Miwani ilikuwa mpya. Alimsikiliza Viktoria mpaka mwisho huku akikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Naikumbuka," alisema. "Nilikupa nane juu ya kumi."

"Mwalimu, ile barua imewaambia kwamba Mariam alikimbia na mwanamume."

"Barua haikusema hivyo. Masikio yao ndiyo yalisema hivyo." Alivua miwani. "Mama Viktoria, mutu mwenye adabu haandiki amekufa. Anayekufa ni mbwa. Nilikufundisha sawa."

"Ulinifundisha sawa. Lakini wao hawakufundishwa."

Odile, aliyekuwa akipima kitambaa kwa mkono wake, alitoa sauti ndogo puani bila kuinua uso. Anicet akashusha sauti. "Na huyo bwana ameoa tena?"

"Sijui."

"Miaka sita. Watu wameshapanga maisha yao juu ya jambo walilolisikia. Wewe utamfufua mutu kusudi wamuzike mara ya pili? Tafsida ni huruma, tulisema hivyo. Basi kunyamaza ndiyo tafsida iliyo kubwa kuliko zote."

Maneno yale yalikuwa matamu, na Viktoria aliyapokea kama mtu mwenye kiu. Njiani, juu ya magunia, aliyarudia. Alijaribu kuomba, lakini kila alipofika "Bwana" ulimi ulikwama, akaanza tena, akakwama tena. Mpaka lori linaingia Koboko alikuwa karibu ameamua. Mtoto angeendelea kuwa na mama aliye hai mahali fulani. Kulikuwa na ubaya gani katika hilo?

Ilikuwa siku ya soko. Kwenye njia panda, pale barabara ya Zaire inapoingia mjini, alimwona Sadiya ameketi juu ya jiwe, miguu pamoja, akiwatazama wachuuzi waliokuwa wakirejea kwao na vikapu vitupu kichwani. Viktoria aligonga paa la lori, akashuka.

"Sadiya. Unafanya nini hapa?"

"Naangalia tu, mwalimu."

"Unaangalia nini?"

"Wamama. Ile ya kutoka Zaire. Kama nakuja soko, siku moja na yeye nakuja." Aligusa juu ya jicho lake la kushoto, kisha la kulia. "Alikuwa na alama hapa. Ama hapa. Mimi nasahau upande."

"Unakuja hapa kila soko?"

"Kila soko. Baba hapana jua."

Ilikuwa juu ya jicho la kulia. Viktoria alilifumba mwenyewe kwa kidole gumba.

*

Jumapili, baada ya ibada, hakwenda nyumbani kula. Alikwenda moja kwa moja kwa Nasuru.

Nasuru alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa amechuchumaa uani, ameutumbukiza mpira ndani ya karai la maji akitafuta penye tundu. Mama yake Afisa, ambaye majirani wote walimwita haboba, yaani bibi, kwa desturi ya nyumba za askari, alikuwa akichambua mboga mlangoni.

"Mwalimu! Karibu, karibu," alisema Nasuru, akijifuta mikono. "Mutoto nafanya fujo kule shule?"

"Hapana, baba Sadiya. Mtoto hana kosa."

"Basi kaa. Mama, leta kiti."

"Nitasema nikiwa nimesimama." Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba hatatumia neno lolote la kujipamba. "Mariam Poni amekufa. Alikufa kambini, mwaka wa themanini na mbili. Aliugua siku tisa akafa. Hakukimbia. Hakukuwa na mwanamume. Mimi ndiye niliyeandika ile barua, na niliiandika vibaya."

Kutoka ndani ya karai povu dogo lilikuwa likipanda pale mpira ulipotoboka, moja, moja. Nasuru aliliangalia kwa muda.

"Sema tena."

Akasema tena.

"Wito ya Bwana," Nasuru alisema polepole.

"Bwana Mungu. Sisi Wakristo tunasema hivyo. Mtu akifa tunasema Mungu amemwita."

"Mungu." Alitikisa kichwa. "Ile siku, kule Sudan, karani wa jeshi alisoma barua mbele ya watu wote. Wanaume arobaini chini ya turubai. Akasoma 'ametutoka', watu wakanyamaza. Akasoma 'wito wa bwana', mutu moja akacheka. Akasoma 'tunashukuru Mungu'. Mimi nauliza: watu ya namna gani nashukuru Mungu kwa mke ya mutu kukimbia?" Aliinua vidole vitatu vyeusi kwa grisi. "Nikatoa talaka. Tatu. Pale pale. Kwa mutu iko ndani ya udongo."

Afisa alikuwa ameacha mboga. "Mimi nilimlaani," alisema. Hakuwa akisema na yeyote. "Kila Ijumaa nilimlaani. Nilisema, Mungu usimpe maji."

"Mama," alisema Viktoria, akataka kumshika mkono, lakini mzee aliuvuta mkono wake akauficha chini ya shuka.

"Ndugu zake walikuja kuuliza habari," Nasuru aliendelea. "Niliwafukuza kama mbwa. Sikuoa tena. Nilisema wanawake yote iko sawa na ile barua." Sasa alimtazama Viktoria usoni kwa mara ya kwanza. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomwumiza. "Kwa nini hukuandika amekufa? Neno dogo. Iko herufi saba. Wewe ulikosa wino?"

Viktoria alikuwa na majibu mengi. Alikuwa na Anicet, alikuwa na adabu, alikuwa na mwaka wake mmoja wa masomo. "Nilitaka iwe barua nzuri," alisema.

Nasuru aliutoa mpira majini. Kisha akaanza kuuliza, neno baada ya neno, kama mtu anayekagua gari lililoleta mzigo. Nani alimwosha? Viktoria na mama mmoja wa Kilugbara. Sanda? Shuka lake mwenyewe. Dua nani alisoma? Hakuna. Hapakuwa na shehe. Palikuwa na mzee mmoja Mwislamu, kipofu, akaonyesha kibla kwa kuuliza jua liko upande gani, wakamlaza hivyo. Kila jibu lilikuwa dogo kuliko alivyotamani Viktoria, na kila mara alipohisi ulimi unatafuta neno laini aliusimamisha.

"Mutoto najua?"

"Bado."

"Wewe nasema kwake. Mimi nimemwambia uongo miaka sita. Mdomo yangu hapana weza tena."

Alimwita kwa sauti. Sadiya alikuja kutoka kisimani, maji yakimchuruzika shingoni, akatua mtungi. Viktoria akachuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Sadiya, jana hukumwona mama yako sokoni, wala hutamwona. Amekufa. Nilikuwa naye. Ile barua niliandika mimi, na maana yake ni hiyo: amekufa."

Mtoto alimtazama kwa umakini ule ule aliokuwa nao darasani. Alifikiri. Kisha akauliza, bila kejeli, kama mwanafunzi anayetaka kupata jibu sawa:

"Na 'amekufa' inaficha nini, mwalimu?"

"Haifichi kitu."

"Lakini wewe ulisema kuna neno ya nguo."

"Hili halina nguo, mwanangu. Hili ndilo lenyewe."

"Sawa, mwalimu," alisema Sadiya. Aliinua mtungi wake akaingia ndani. Hakulia. Na soko lililofuata, Viktoria alipopita njia panda, alimkuta juu ya jiwe lile lile, miguu pamoja.

*

Nasuru ndiye aliyesema waende. "Aone kaburi," alisema. "Mimi pia nione." Tangu vita hakuwa amekanyaga Zaire, na watu wa jeshi la zamani walikuwa bado hawapendi kuulizwa majina yao njiani. Hata hivyo alitengeneza baiskeli mbili, akamkopesha Viktoria ile iliyo nzima, akampakia binti yake nyuma kwenye ile yenye mnyororo uliounganishwa, na Jumamosi, umande haujakauka, wakavuka kwa njia ya miguu iliyopita mashamba ya tumbaku.

Walifika jua likiwa limepanda. Viktoria aliteremka kwenye baiskeli akasimama, na mwanzo alifikiri amepotea. Kambi haikuwepo. Palikuwa na shamba la muhogo, safi, lililopaliliwa, linashuka mpaka kijitoni. Kichuguu alichokiweka moyoni kama alama kilikuwa kimevunjwa. Mwenye shamba, Mkongomani mwenye kofia ya majani, aliyejitambulisha kama Gaspard, aliwasogelea na jembe begani.

"Wakimbizi walipoenda, tulirudishiwa ardhi yetu," alisema kwa upole. "Vile vichuguu tulifyatulia matofali. Tulilima yote. Hatukujua."

"Hapakuwa na misalaba? Mawe?"

"Misalaba ilikuwa ya miti, mama. Watu walipikia."

Na kaburi la Mariam halikuwa na msalaba. Viktoria aliingia katikati ya matuta. Alipima kwa hatua kutoka kijitoni, akarudi, akapima tena. Hapa palikuwa na foleni ya maji. Hapa labda palikuwa na kibanda chao. Au kule. Majani ya muhogo yalifanana yote. Aliomba ndani ya moyo wake, Mungu nionyeshe, na Mungu hakumwonyesha.

Sadiya alikuwa akimfuata nyuma, hatua kwa hatua. "Iko wapi, mwalimu?"

Kulikuwa na tuta moja chini ya mti mdogo, limeinuka kidogo kuliko mengine. Viktoria aliliona. Lingetosha. Mtoto angepiga magoti hapo, baba angesoma dua yake, wangerudi nyumbani na mahali pa kukumbuka. Nani angeumizwa? Kidole kilikuwa tayari kimeanza kunyooka. Lingekuwa neno moja tu, na lingekuwa la huruma kuliko yote aliyowahi kuyasema.

"Sijui," alisema.

Mtoto akangoja.

"Yumo ndani ya shamba hili. Nilimzika mwenyewe, na mdogo wako amelala, hapana, mdogo wako amezikwa karibu naye. Lakini mahali penyewe sipajui tena, Sadiya. Nimesahau. Sijui."

Sadiya alitazama shamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alimtazama baba yake, aliyesimama na baiskeli mkononi, kisha akamrudia mwalimu wake, mtu mwenye maneno mengi kuliko wote aliowafahamu, ambaye sasa hakuwa na hata moja la kuongeza. Aliketi chini mahali alipokuwa, katikati ya matuta, akalia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama anavyolia mtoto wa miaka mitano.

Viktoria hakumwambia anyamaze. Nasuru alilaza baiskeli, akavua kofia, akaivaa tena. Aliligeukia jua, akakadiria upande wa kibla, akageuka tena, akainua viganja vyake. Hakujua kama mke wake alikuwa mbele yake au nyuma yake. Akaanza hivyo hivyo, "Mariam," kisha akasimama, maana kwa miaka sita hakuwa amelitaja jina hilo, na ikabidi aanze upya.

Gaspard alitua jembe lake ukingoni mwa shamba, akawangoja wamalize.